Nina wiki tatu na baiskeli ya mbio, gia bado zinanitoa jasho. Tatizo ni mimi au baiskeli?

#1 Mnyonga Taratibu

Wakuu, salaam. Mimi na hii baiskeli mpya bado tunatazamana kama watu waliolazimishwa kulala chumba kimoja.

Nimetoka kwenye baiskeli ya gia moja. Ile haina maswali. Mlima ukija unainuka kwenye tandiko, ukishindwa unashuka unasukuma, maisha yanaendelea. Hii ya sasa ina sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni) mbili mbele, ya meno 50 na ya meno 34, na nyuma zimepangwa kumi na moja, kuanzia meno 11 hadi 28. Ukizidisha unapata gia 22. Mimi natumia kama nne, na hizo nne nazo kwa hofu.

Yanayonikuta ni haya. Tambarare nikibofya mkono wa kulia, mara inaingia kimya, mara inasitasita, inakwaruza mizunguko miwili mitatu, halafu inaruka kwa kishindo. Mkono wa kushoto ndio balaa. Nasukuma, inalia krrr, nakata tamaa naachia, cheni inabaki palepale. Na bado nachanganya vile vidude, nataka nyepesi napata nzito.

Kilichonileta hapa ni juzi. Mwisho wa njia yangu kuna mlima mfupi lakini mkali. Niliingia nao nikiwa kwenye sproketi kubwa ya mbele, nikajiambia nitabadilisha nikichoka. Nikachoka. Nikabofya kushoto huku nimekanyaga kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Nikasikia mlio kama mtu kavunja ukuni mkavu, cheni ikaangukia ndani upande wa fremu, pedeli zikazunguka bure. Viatu vyangu ni vile vya kunasa kwenye pedeli. Nikalala ubavu polepole kama gunia. Kulikuwa na watoto pembeni. Walicheka, na walikuwa na haki.

Naomba kuelekezwa. Ule ulaini ninaouona kwa wenzangu, gia inaingia hata husikii, ni ufundi wa vidole au ni baiskeli ghali?

#2 Ngoja Nione

Natega kiti. Hapo kwenye gunia nimejiona mwenyewe.

#3 Spoku Thelathini

Mkuu pole. Ubavu utapona wiki hii, aibu itachukua muda kidogo.

Nianze na swali lako la mwisho. Ulaini hauko kwenye vidole. Kidole kinatoa amri tu, anayehamisha cheni ni mguu. Siku ukiisafisha, zitazame sproketi za nyuma kwa karibu. Utaona meno hayafanani. Mengine yamekatwa pembe, mengine ni mafupi, na ubavuni mwa sproketi kuna vijimfereji. Hizo ni ngazi. Cheni haipandi popote inapotaka, inasubiri ngazi ifike ndipo ipande. Ndiyo maana direla (kile chuma chenye vigurudumu viwili kinachoning'inia nyuma) ikishasogea, bado gurudumu lazima lizunguke kidogo kabla gia haijakaa. Ukiwa unanyonga kwa utulivu, yote hayo yanaisha kabla hujahesabu moja. Ukiwa umekanyaga kwa uzito wote, cheni imekazwa kama waya wa kuanikia nguo, inang'olewa kwenye meno kabla ngazi haijafika, inaparamia ncha za meno badala ya kukaa katikati yake. Kile kishindo unachosikia ndicho hicho.

Kwa hiyo endelea kuzungusha miguu ila toa uzito. Naomba hapo usome mara mbili. Watu wakiambiwa wapunguze nguvu wanasimamisha miguu kabisa, na cheni isipotembea hakuna gia itakayobadilika. Wengine wanarudisha pedeli nyuma, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Zungusha mbele, kama vile cheni haipo. Nusu mzunguko tu unatosha. Mimi nabofya mguu mmoja ukiwa unafika juu kabisa na mwingine chini kabisa, kwa sababu pale ndipo miguu huwa haina nguvu hata ukitaka.

Sasa kuhusu kushoto. Wengi wanajua mbele ni pagumu ila hawajui sababu. Cheni ina upande wa juu na upande wa chini. Unaponyonga, upande wa juu ndio unaovuta gurudumu, kwa hiyo umekaza. Wa chini umelegea. Direla ya nyuma inaishika cheni upande wa chini, uliolegea. Ya mbele (mabamba mawili yanayoikumbatia cheni) inaisukuma upande wa juu, palepale ambapo mwili wako wote umening'inia. Nyuma ukikosea kidogo utasamehewa. Mbele hakuna msamaha.

#4 Dada Krenki

Spoku kaeleza vizuri. Mimi niongezee hapo kwenye kuchanganya vidude, maana hata mimi nilihangaika nako mwezi mzima.

Kama gia zako ni za kampuni ya Shimano, zile za waya, kila mkono una wenzo mkubwa, ambao ndio breki yenyewe, na kidogo kilichojificha nyuma yake. Wenzo mkubwa ukiusukuma kwa ndani, unaipeleka cheni kwenye sproketi KUBWA. Kile kidogo kinaipeleka kwenye NDOGO. Mikono yote miwili ni hivyohivyo. Kinachotuchanganya ni kujifunza kwa nyepesi na nzito, kwa sababu nyuma sproketi kubwa ndiyo nyepesi, na mbele sproketi kubwa ndiyo nzito. Usihesabu hivyo. Sema tu mkubwa kwa kubwa, mdogo kwa ndogo. Siku kumi utakuwa umesahau kwamba uliwahi kuchanganya.

Kama ni za kampuni ya SRAM, za waya, hadithi nyingine: kuna wenzo mmoja tu wa gia kila mkono. Kulia ukiugusa kidogo cheni inashuka kwenye sproketi ndogo, ukiusukuma mbali inapanda kubwa. Campagnolo wao wana kitufe cha kidole gumba ubavuni kwa kushusha, na wenzo nyuma ya breki kwa kupandisha. Tuambie yako ni ipi.

Halafu hapo uliposema "inalia krrr, nakata tamaa naachia". Kosa lako ni kuachia mapema. Kupandisha cheni kutoka meno 34 kwenda 50 ni safari ndefu, sproketi moja imepishana na nyingine kwa meno 16. Sukuma mpaka mwisho, SHIKILIA, endelea kuzungusha miguu kwa wepesi, usikie cheni imekaa, ndipo uachie. Ile krrr ni cheni ikiwa inapanda, ipe nafasi imalize.

#5 Mzee wa Gia Moja

Vijana mnajitafutia kazi. Gia 22 za nini? Sisi milima tulipanda na moja na tulifika.

#6 Kumbukumbu za Tairi

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ina ukoo mkubwa kuliko unavyodhani. Waandaaji wa Tour de France nao walizikataa direla kwa waendeshaji wao wakubwa mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo gurudumu la nyuma lilikuwa na sproketi kila upande. Wakifika chini ya mlima wanashuka, wanalifungua gurudumu, wanaligeuza, wanalifunga, wanapanda. Huko juu wanashuka tena wanaligeuza upya.

Na hata gia zilipokubalika, kwa miaka mingi wenzo wake ulikaa chini kwenye bomba la fremu. Unaachia usukani mkono mmoja, unainama, unausogeza kwa kukadiria mpaka sikio likuambie cheni imekaa. Shimano walileta gia zinazohesabu kwa mlio, bofyo moja gia moja, kwenye gia zao za mbio ziitwazo Dura-Ace, mwaka 1984. Mwaka 1990 wakaziunganisha na breki, ndizo hizi zinazomsumbua mleta uzi.

#7 Mzee wa Gia Moja

Marahaba. Nimekusoma. Ya kwangu siiachi.

#8 Mnyonga Taratibu

Dada Krenki, ni Shimano za waya. "Mkubwa kwa kubwa" nimeiandika kwenye kipande cha plasta nikabandika juu ya usukani, msinicheke.

Spoku, jana nimefanya ulivyosema tambarare. Tofauti ni kubwa mno upande wa kulia. Ila mlimani sielewi. Unaniambia nitoe uzito kwenye pedeli, na nikitoa uzito mlimani baiskeli inasimama. Sasa?

#9 Spoku Thelathini

Swali zuri. Wewe hukuanguka pale cheni ilipotoka, ulianguka pale uliposema "nitabadilisha nikichoka". Mlimani gia inabadilishwa ungali na mwendo. Ukishaihitaji umechelewa.

Nikupe mfano wa sproketi zako mwenyewe. Tuseme uko tambarare, mbele 50, nyuma 21, miguu inazunguka mara 90 kwa dakika. Hapo unakwenda kama kilomita 27 kwa saa. Mlima ule. Ukishuka kwenye 34 mbele bila kugusa nyuma, ili uendelee na mwendo uleule miguu ingetakiwa izunguke mara 132 kwa dakika. Haiwezekani kwa mtu wa kawaida. Unachohisi ni kwamba pedeli zimepotea, miguu inakoroga hewa, unarukaruka kwenye tandiko, na mtu mgeni hapo anaogopa anadhani kavunja kitu.

Kwa hiyo ukishusha mbele, papo hapo weka gia nzito kidogo nyuma. Ukitaka gia inayolingana kabisa na ile uliyoiacha, 34 kwa 14 ni karibu sawa na 50 kwa 21, na kwenye kaseti (zile sproketi zote za nyuma kwa pamoja) ya kawaida ya 11 hadi 28 hiyo ni bofyo nne. Lakini kwa kuwa mlima unakuja na mwendo utapungua wenyewe, mimi nabofya mbili tu. Kushoto kidogo mara moja, kulia kidogo mara mbili, yote ndani ya pumzi moja, miguu ikiwa myepesi. Kwa kuwa vyote viwili ni vile vidogo, vidole havichanganyikiwi. Fanya hivyo mita thelathini au arobaini kabla ya mwinuko. Baada ya hapo kazi yote ya mlimani ni ya mkono wa kulia peke yake: mlima ukizidi, wenzo mkubwa bofyo moja, miguu inatulia, bofyo nyingine. Usisubiri miguu ianze kusaga. Ukiona mizunguko inashuka chini ya sabini, bofya.

Sasa kama umeshanaswa katikati, umechelewa, miguu inawaka. Kanyaga kwa nguvu mara moja au mbili, zaidi ya unavyohitaji, baiskeli ipate kamwendo ka akiba. Kale kamwendo ndiko utakakotumia kulegeza miguu nusu mzunguko na kubofya. Nguvu, legeza, bofya. Gia moja kila mara, ya nyuma tu. Ya mbele ukishachelewa iache. Una 50 kwa 28, si nyepesi, ila ni nyepesi kuliko kulala ubavu. Ikishindikana hata hiyo, toa mguu kwenye pedeli ukiwa bado una mwendo. Kushuka na kusukuma ni ruhusa.

#10 Ngoja Nione

"Nguvu, legeza, bofya." Nimeichukua. Mimi siku zote nalegeza kwanza halafu najiuliza kwa nini nimesimama.

#11 Fundi wa Uani

Nimesoma uzi wote, mambo ya miguu mmemaliza. Lakini mleta mada aliuliza ni yeye au baiskeli, na hilo la pili hakuna aliyelipima. Baiskeli ina wiki tatu. Hiyo ndiyo wiki yake hasa ya kuharibika marekebisho. Waya wa gia ukiwa mpya, ganda lake na vikofia vya mwisho wa ganda vinajikalia sawa kadiri unavyobofya, na waya unaonekana kama umerefuka. Umelegea milimita chache tu, lakini direla inaongozwa na milimita hizohizo.

Kipimo ni rahisi. Nyanyua gurudumu la nyuma, mtu akushikie tandiko au uining'inize. Zungusha pedeli kwa mkono, taratibu, bofya gia zote kumi na moja kwenda na kurudi. Hapo hakuna uzito wa mtu. Zikiingia zote safi, baiskeli haina kosa, kosa liko juu ya tandiko. Zikisitasita hata hapo, basi hata ungekuwa na miguu ya malaika zingesitasita.

Ukikuta kasoro, sikiliza upande gani. Waya ndio unaoivuta direla kwenda sproketi kubwa, springi ndiyo inayoirudisha kwenye ndogo. Kwa hiyo ikisita kupanda kwenda kubwa, waya umelegea. Ikisita kushuka kwenda ndogo, waya umekaza mno, au ganda lina uchafu unaousugua. Pale waya unapoingia kwenye direla kuna kikazio cha kuzungusha kwa vidole. Kukaza, zungusha kinyume cha saa. Robo mzunguko, jaribu. Robo nyingine, jaribu. Watu wanazungusha mara tatu kwa hasira halafu wananiletea mimi.

Usiguse skrubu mbili zenye herufi H na L. Hizo hazihusiani na kusitasita. Ni mipaka: H inaizuia cheni isitoke nje ya sproketi ndogo kabisa, L inaizuia isiingie kwenye spoku. Ukiichezea L bila kujua, siku moja mlimani direla itaingia kwenye spoku na utanunua vitu vitatu kwa mpigo.

Na kwa kuwa uliangukia ubavu: upande gani?

#12 Mnyonga Taratibu

Kulia, fundi.

#13 Fundi wa Uani

Ndiyo niliyoogopa. Simama nyuma ya baiskeli uchungulie. Vile vigurudumu viwili vya direla vinatakiwa visimame wima, mstari mmoja na sproketi. Direla imefungwa kwenye kipande laini cha alumini ambacho kimewekwa makusudi kipinde au kivunjike ili fremu ipone. Kikipinda hata kidogo, gia zitakaa sawa upande mmoja wa kaseti na kugoma upande mwingine, na utazungusha kikazio mpaka uzeeke. Hicho hunyooshwa kwa chombo chake, usikinyooshe kwa mkono.

#14 Mnyonga Taratibu

Wakuu, ripoti.

Nimeining'iniza baiskeli kwa kamba kwenye tandiko. Kwanza nikachungulia nyuma: vigurudumu viko wima, namshukuru Mungu, inaelekea niliangukia paja na usukani, direla haikugusa chini. Nikazungusha kwa mkono. Kushuka kwenda ndogo, safi zote. Kupanda, kuanzia ile ya 15 kwenda 17, na 17 kwenda 19, inasita. Nabofya moja hakuna kitu, nabofya ya pili inaruka mbili kwa pamoja. Yaani wiki tatu zote nilikuwa najilaumu kwa kitu ambacho robo yake hakikuwa changu.

Nikazungusha kikazio robo, kinyume cha saa. Afadhali. Robo nyingine. Kimya. Nilizungusha pedeli kwa mkono dakika kumi nzima kwa raha tu, mke wangu akatoka kuja kuangalia nafanya nini.

Swali moja: cheni kuangukia ndani mbele, ni uzito wangu au nako kuna skrubu?

#15 Fundi wa Uani

Safi sana. Umenipunguzia kazi, sijui kama nifurahi.

Ile kuanguka ndani mara nyingi ni vyote viwili. Kwa uzito uliokuwa umeukanyagia, hata baiskeli iliyopimwa vizuri ingeweza kuitema. Lakini angalia: weka cheni mbele ndogo, nyuma kubwa kabisa. Tazama bamba la ndani la direla ya mbele, lile la upande wa fremu. Nafasi kati yake na cheni iwe kama nusu milimita, yaani visigusane lakini karatasi nene ipite kwa shida. Ikiwa ni pana, hapo cheni ina mlango wa kutokea. Hiyo mwachie fundi kama huna uhakika, ni kazi ya dakika tano.

Ikitokea tena ukiwa njiani na umeshaiona imeanguka ndani, usikanyage. Bofya kushoto wenzo mkubwa kama unataka kwenda 50, zungusha pedeli mbele kwa wepesi kabisa, mara nyingi direla inaiokota yenyewe na kuirudisha juu. Inahitaji uwe bado na mwendo kidogo. Ukisikia imekwama, simama, mikono ichafuke.

#16 Mpinga Kelele

Mmesahau jambo moja kubwa: asitumie sproketi kubwa mbele kwa kubwa nyuma, wala ndogo kwa ndogo. Cheni inakwenda mshazari, inalia, inakula sproketi. Huo ni mwiko.

#17 Spoku Thelathini

Mwiko ni neno kubwa mkuu. Kubwa kwa kubwa kwa sekunde ishirini, unamalizia kamwinuko kadogo na hutaki kugusa mbele, haiui baiskeli ikiwa cheni ina urefu sahihi. Mimi nafanya kila siku. Ndogo kwa ndogo ndiyo sioni faida yake: cheni inalegea, inasugua ubavu wa sproketi kubwa, na gia ya karibu na hiyo unaipata ukiwa kwenye 50 bila shida. Gia 22 si 22 kweli, nyingi zinarudiana. 50 kwa 19 na 34 kwa 13 ni kama pacha.

#18 Dada Krenki

Niwapatanishe. Ule mlio wa kusugua mbele cheni ikiwa mshazari, Shimano nyingi za waya zina bofyo la nusu upande wa kushoto. Ukigusa kidogo tu, direla ya mbele inasogea kiduchu bila kubadilisha gia, kusugua kunaisha. Watu wananunua baiskeli wanakaa nayo miaka miwili hawajui hiyo kitu ipo.

#19 Mpinga Kelele

Miaka mitatu, dada. Nimetoka kujaribu sasa hivi. Naondoa neno mwiko.

#20 Haraka Haraka

Si anunue tu gia za umeme yaishe?

#21 Kumbukumbu za Tairi

Zipo madukani tangu Dura-Ace Di2 ya mwaka 2009 na ni tamu kweli, hazina waya wa kulegea. Lakini mota inaisukuma cheni ileile kwenye meno yaleyale. Ukikanyaga kwa hasira nayo italia, ila italia kwa bei kubwa zaidi.

#22 Mnyonga Taratibu

Nimepotea wiki mbili, nilikuwa mazoezini. Nilichofanya: kila siku, kabla ya safari yenyewe, dakika kumi mahali tambarare pasipo na magari. Napanda kaseti yote bofyo moja moja mpaka 28, nashuka yote mpaka 11, bila kutazama chini. Mwanzo nilikuwa nainamisha kichwa kuangalia nyuma niko gia gani na nusura niingie mtaroni. Sasa sitazami, miguu inaniambia. Kitu kingine nilichojifunza peke yangu: nikiona nitasimama mbele, naweka gia nyepesi, bofyo mbili tatu, kabla ya kushika breki. Zamani nilikuwa nasimama na gia nzito, kisha kuondoka ni kama kusukuma ukuta. Siku moja nilisahau, ikabidi ninyanyue gurudumu la nyuma kwa tandiko, nizungushe pedeli kwa mkono huku nabofya. Inafanya kazi, ila watu wanakutazama.

Mlima. Jumamosi nimeupanda. Kushoto kidogo mara moja, kulia kidogo mara mbili, kabla ya ule mti mkubwa ambao ndio alama yangu. Hakuna kilicholia. Nilidhani haijabadilika, nikatazama chini, kumbe iko kwenye 34 tayari. Wale watoto walikuwepo, mmoja akaniuliza, "Leo hulali?"

Hesabu yangu ya kushoto sasa ni kama saba kwa kumi. Zile tatu zinazokosea, nimechunguza, zote ni nikiwa nimesimama juu ya pedeli.

#23 Dada Krenki

Hongera sana! Ukisimama, uzito wako wote uko kwenye pedeli, hata ukijidanganya kwamba umelegeza. Ya mbele usiibofye umesimama. Kaa, zungusha mara moja, bofya, inuka tena. Na kabla ya kuinuka mlimani, ongeza uzito gia moja au mbili nyuma, kwa kuwa ukisimama miguu huzunguka polepole zaidi. Ukirudi kukaa, zirudishe.

#24 Mnyonga Taratibu

Kumbe hata kusimama kuna gia yake. Kesho alfajiri nalijaribu hilo, ile plasta nimeshaibandua.